Jicho Lililolia Peke Yake

Nilijitia pilipili jichoni kwa mkono wangu mwenyewe. Hakuna aliyenishika, hakuna aliyenilazimisha, na shetani, ambaye mapadri wetu humtwika kila kosa la wanafunzi, siku hiyo alikuwa na kazi nyingine. Nililichagua jicho la kuume, lile zima, nikalipaka kwa kidole nilichokuwa nimekisugua ndani ya kinu cha mama. Nataka mlijue hilo kwanza, maana mengine yote yalitoka hapo, na sitaki mtu afike katikati ya habari hii aanze kusema, "Masikini, mtoto wa watu alionewa."

Sasa ni mkubwa. Nina masharubu, ukinitazama karibu na dirisha na ukiwa mtu mwenye moyo mwema. Shule yenyewe naikaribia kuimaliza, kama shule haitanimaliza mimi kwanza. Lakini mpaka leo, jirani akitwanga pilipili kavu uani kwake na ile harufu ya kukwaruza koo ikaruka ukuta, kidole changu hupanda chenyewe mpaka kwenye pembe ya jicho la kushoto, pale linapokutana na pua, kikapapasa. Hakuna kitu pale siku hizi, ila kovu dogo kama punje ya mchele. Kidole hakiamini. Kinapapasa tu.

Nilizaliwa na jicho la kushoto linalotoa maji. Sikuwa nalia, jicho ndilo lililokuwa likilia, peke yake, bila kuniuliza. Mchana chozi lilijaa, likasimama ukingoni, likateremka shavuni. Asubuhi kope zilikuwa zimegandamana kwa ukoko wa njano, na mama alinifungua jicho kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu, taratibu, kama mtu anayefungua bahasha ya mwenzake. Nikiminya pale kwenye pembe kwa kidole, kilitoka kitu kizito cha kunata. Hiyo ilikuwa mali yangu. Niliwaonyesha wasichana, nao walikimbia wakipiga kelele, na mimi niliona maisha ni mazuri.

Mtauliza, je, wakubwa hawakushangaa? Hawakushangaa, kwa sababu ya bomba la moshi. Aliyekaa Élisabethville analijua: lile refu la kiwanda cha shaba, na kando yake kilima cheusi. Upepo ukigeukia upande wetu, moshi ulishuka juu ya cité, mitaa yetu sisi Waafrika, na harufu yake ya kiberiti, na hapo kila mtu alilia. Wanawake walilia sokoni wakipima unga. Polisi alilia akimkamata mlevi, na mlevi naye alilia, ingawa hakuwa na huzuni yoyote. Katika mji wa namna hiyo nani atamwuliza mtoto mwenye jicho bichi? "Ni moshi," walisema, wakaendelea na safari zao.

Kwa nini basi moshi ushike jicho moja tu? Hilo mama alikuwa na jibu lake. Alisema nilipokuwa mtoto wa mgongoni nilipenda kulaza shavu la kuume kwenye mgongo wake, na kila alipokwenda sokoni jicho la kushoto lilibaki wazi upande wa bomba. Basi jicho hilo lilikula moshi wote, lingine likapona. Alilieleza jambo hilo kwa uhakika mkubwa, na majirani walitikisa vichwa. Mimi pia niliamini. Niliona hata fahari kidogo, kama mtu aliyejeruhiwa vitani.

Mama yangu hakuwa mwanamke wa maneno mengi. Alitoka kaskazini, upande wa Kabongo, akaja mjini kuolewa na baba, aliyekuwa akitia makaa kwenye mashine ya reli na ambaye tulimwona kati ya safari na safari, mweusi kwa vumbi, akitafuta kitanda. Kwa hiyo mimi nilikuwa mzigo wa mama peke yake. Naye alikuwa amegundua njia ya kunijua. Nikianguka, nikipigwa, nikija mbio uso umelowa, hakuniuliza kitu. Alinishika kidevu, akakigeuza mpaka jicho la kuume likatazamana na mwanga. Likiwa kavu, alisema, "Enda ukacheze." Likiwa na maji, alikaa chini, akanivuta mapajani. Jicho la kushoto alilipa jina: Muongo. La kuume halikuwa na jina. Lilikuwa jicho tu, nalo ndilo aliloliamini.

Muongo alinifaa sana. Shuleni mwalimu alipoinua fimbo, mimi niliinamisha kichwa upande wa kushoto, chozi likashuka, naye akafikiri nimekwisha kutubu. Lakini faida kubwa niliipata kwenye kilio.

Kwetu mtu akifa, watu hukaa uani kwa marehemu siku nyingi. Wanaume huzunguka gogo la moto, wanawake huwa ndani na maiti, na kila anayefika anapaswa kuanza kulia tokea mlangoni. Anayeingia na uso mkavu watu humtazama kwa muda mrefu, halafu huulizana polepole alikuwa na jambo gani na marehemu. Mimi niliingia na jicho bichi kila mara. Mama Ngoie, jirani yetu, ndiye aliyeongoza wanawake kulia katika mitaa yote ya karibu. Alikuwa na sauti ya kutikisa mabati. Aliponiona alisema, "Muangalie huyu mutoto! Ana roho ya mutu mukubwa." Kisha nilipata bukari, ugali wetu, na kichwa cha samaki mkavu wa Luapula. Nikaanza kwenda hata kwenye vilio vya watu nisiowajua. Nilifuata sauti ya Mama Ngoie kama nzi anavyofuata asali.

Aliyeniharibia ni rafiki yangu Sando. Siku moja, tukitoka kwenye kilio nikiwa nimeshiba, alinitazama, akacheka mpaka akakaa chini.

"Weye! Uko nalia jicho moja! Ingine iko nachunga samaki!"

"Nyamaza."

"Siku moja bamama bataona. Batasema weye njo ulimuloga marehemu, unakuya kumulilia nusu-nusu."

Nilicheka naye, ila neno lile lilinikaa. Nusu-nusu.

Baada ya hapo akafa Baba Kisimba.

Baba Kisimba alikuwa fundi wa kujenga, jirani yetu wa ua kwa ua, na alikuwa na mti wa mapera. Mambo hayo mawili yalifanya maisha yake na yangu yawe vita. Alikuwa akitupiga kwa chochote alichoshika, na mara nyingi alikuwa ameshika mwiko wake wa kazi. Niliposikia amekufa, jambo la kwanza lililonijia kichwani, nisamehewe, lilikuwa mapera. La pili lilikuwa kwamba sasa nitalazimika kwenda kumlilia, na watu wote wanajua tulivyokuwa, na wataniangalia macho yangu, moja baada ya jingine.

Ndipo nikaenda kwenye kinu.

Sitawaeleza maumivu yale. Nitasema tu kwamba mlangoni kwa Baba Kisimba sikuingia kwa miguu; niliingia nikigaagaa. Nilipiga yowe hata wanawake waliokuwa wakilia wakanyamaza kunisikiliza. Nilijaribu kujifuta, na kwa kuwa kidole kilikuwa kile kile, nikalipaka na jicho la kushoto pilipili, nikasugua, nikasugua tena. Mama Ngoie alikuwa karibu kuniabudu.

"Bamama, muone! Mutoto wa jirani! Bana bake mwenyewe banabakia nyuma! Mumulete, mumulete karibu na baba yake!"

Wakaniinua. Nilikuwa sioni kitu. Nilisikia mikono ikinibeba, mkeka chini yangu, harufu ya mishumaa na ya shuka mpya, halafu mtu akauchukua mkono wangu, ule ule wa pilipili, akauweka juu ya kitu baridi na kigumu. Kilikuwa mkono wa Baba Kisimba. Nilihisi zile sugu za mwiko. Hapo nililia kweli, lakini si kwa ajili yake.

Mama alinitoa. Nyumbani alininawisha uso, akanusa vidole vyangu, akakiangalia kinu. Hakunipiga. Alisema kwa sauti ya mtu aliyevunjiwa chombo:

"Ata jicho yako ya kweli unaifundisha kudanganya!"

Jicho la kuume lilipoa upesi, ingawa wekundu ulibaki. La kushoto halikupoa. Pale kwenye pembe, karibu na pua, kukaota kitu. Kwanza kilikuwa kama punje ya haragi, kisha haragi likavimba kama lililolowekwa, likawa jekundu, linang'aa, la moto. Nzi akitua pale nilipiga kelele. Nilimwambia mama nimeumwa na nyuki, nikiamini kwamba nyuki anaeleweka kuliko yale niliyoyajua mimi. Maana mimi nilijua ni nani aliyefanya vile. Nilikuwa nimeweka mkono wangu juu ya mkono wa marehemu nikiwa na uongo machoni, naye akaushika.

Mama aliniinua kidevu, akaona macho mawili mekundu, akaniachia. Kipimo chake kilikuwa kimeharibika. "Ni pilipili yako," alisema. "Lala. Itapona pamoya na ujinga."

Sando alikuja dirishani kunijulia hali. Kuliko rafiki kama huyo, afadhali malaria.

"Eeh! Baba Kisimba alikupiga na mwiko," alisema, akitazama uvimbe kwa heshima. "Itakua tu vile, mupaka itafika kwa bongo. Sasa batakutwala kwa lopitalo."

"Siendi hospitali."

"Sawa, usiende. Mule njo muna mutumbula."

Asiyekulia kwetu labda hajui mutumbula ni nani. Ni watu wanaokamata wenzao giza likiingia na kuwapeleka kwa wazungu, na mtu huyo haonekani tena, au anaonekana akiwa mnyama. Wakubwa walinong'ona habari hizo wakidhani tumelala, na jua likizama hatukupita karibu na nyumba zenye ukuta mrefu. Sando alijua zaidi ya wote, kwa kuwa mjomba wake alikuwa mpishi wa wazungu, na mpishi, alisema, huona kinachoingia jikoni.

"Banakuingiza mu chumba ya mweupe," alisema, akihesabu kwa vidole. "Banakufunga na shuka, mikono ndani. Banakutoa mawazo na dawa ya matone. Kisha banakutia chumvi. Haupewe mu kinywa, hapana, unaisikia tu imefika ku koo. Ukisikia ile chumvi, fini. Ukitaka kusema, sauti inatoka ya nguruwe. Mama yako atakuwa pale, atakuita, weye utajibu hoo, hoo. Hatakutambua."

Kisha akaenda kucheza.

Asubuhi iliyofuata jicho la kushoto lilikuwa limefungwa kabisa, shavu limevimba, mwili unawaka. Nililala nimetazama ukuta. Mama aliingia na kitambaa chake na bakuli la maji, akanigeuza. Alinishika kidevu kama zamani. Pilipili ilikuwa imekwisha sasa; jicho la kuume lilikuwa jeupe, na lilikuwa likitoa maji kimya kimya bila yowe lolote. Aliliangalia kwa muda mrefu. Kitambaa kikamwanguka mkononi.

"Vaa shati," alisema.

Baba alikuwa safarini, upande wa Sakania. Hapakuwa na mtu wa kumwuliza. Mama alijifunga kitambaa kipya kichwani, akanishika, si mkono, bali kifundo cha mkono, kwa nguvu, kama polisi. Tukatoka. Na hapo yule mama yangu asiye na maneno akaanza kupiga kelele njiani.

"Mama Ngoie! Tunaenda lopitalo! Miye na Ilunga! Tunapita njia ya soko!"

Kwenye bomba la maji wanawake walikuwa wamepanga ndoo. "Muko vizuri? Tunaenda lopitalo, mumuone mutoto, jicho iko namuuma!" Kwa Baba Sefu, fundi viatu mwenye kofia nyeupe, mtu wa Kasongo, alisimama kabisa. "Baba Sefu, tunaenda lopitalo. Miye na huyu. Kama baba yake akirudi, utamuambia ni ile lopitalo ya karibu na njia ya reli, unasikia?" Baba Sefu akatoa misumari kinywani, akasema amesikia, na Mungu atajalia. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Nilifikiri: nakwenda kufanywa nguruwe, na mama anawatangazia watu kama tunakwenda harusini.

Hospitalini kulikuwa na harufu ya eteri na ya ile dawa wanayooshea sakafu, na benchi ndefu ya watu wasiosemeshana. Infirmier, yaani muuguzi, aliyetupokea aliitwa Donati, Mluba kama sisi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mganga mzungu alikuwa mzee, mikono yake ina madoa. Alisogeza kidole karibu na uvimbe, nami nikapiga yowe kabla hajagusa. Alisema maneno ya Kifaransa na Donati akamfasiria mama.

"Mama, hii ni kifuko ya machozi. Imejaa usaha. Ikikaa vile inaweza kupita kwenda ndani, kwa kichwa. Lazima tuipasue kidogo, leo."

"Jicho itabakia?"

"Itabakia. Lakini tusichelewe."

Walipasua. Nilisikia kitu kikipasuka, joto likiteremka shavuni, harufu mbaya, na mara ile maumivu yakapungua kwa namna ambayo hata Baba Kisimba, kama ndiye aliyeyaleta, angeona haya. Nikachomwa sindano ya ile dawa mpya, iliyokuja baada ya vita vya wazungu, kwenye tako, na nikaambiwa zipo nyingine. Mama alifundishwa kuchemsha vitambaa, kuvikamua na kuniwekea vikiwa moto wa kuvumilika. Asiminye, asitie majani, asitie maziwa ya mama mzazi yeyote. Nilikuwa nimeanza kufikiri kwamba Sando ni mwongo. Ndipo Donati akasema, akiandaa pamba:

"Usaha ikiisha, murudi. Njia ya machozi imefungwa, tutaifungua na tutapitisha mayi ya chumvi."

Ya chumvi.

Siku zile za vitambaa moto uvimbe ulinywea, homa ikaondoka, na hofu ikanenepa. Mama alifikiri napona. Mimi nilikuwa najaribu sauti yangu nyuma ya nyumba: nasema jina langu, jina la baba, sala ya Baba Yetu mpaka mwisho, nikiihifadhi sauti masikioni, maana siku za kusema zilikuwa zinakwisha. Siku ya kurudi ilipofika sikuonekana. Nilikuwa nimejificha uani kwa Baba Kisimba, chini ya mpera, mahali ambapo hakuna mtoto wa cité aliyethubutu kukanyaga tangu mazishi. Fikirini nilivyokuwa. Kati ya maiti na nguruwe, nilichagua maiti. Nilimwambia marehemu kwa sauti ya chini kwamba machozi yale hayakuwa yake, kwamba mapera mengi yaliyopotea niliyala mimi na machache Sando, na kama anaweza kunificha mpaka jua lizame tutakuwa tumemalizana.

Hakunificha. Mama alinikuta, akanishika kifundo cha mkono, akasema tu, "Twende." Na akaanza tena: "Mama Ngoie! Tunarudi lopitalo!" Bombani. Kwa Baba Sefu.

Chumba kilikuwa cheupe. Walinifunga shuka, mikono ndani, wakanilaza kwenye kitanda kifupi cha karibu na sakafu. Nilimtazama Sando akihesabu kwa vidole vyake, ingawa hakuwapo. Donati alimwambia mama asubiri nje, ndiyo kawaida. Mama alisema hapana. Donati akasema ni amri. Mama akaketi sakafuni kichwani kwangu, akanishika masikio kwa viganja viwili, na akasema kama wanataka kumtoa wamtoe pamoja na sakafu. Mganga mzungu alimtazama, akainua mabega, akaendelea kuchagua vyuma.

Matone yakaingia. Jicho likafa ganzi, kisha pua, na niliona kwamba kweli mawazo yananitoka. Mganga akachukua uzi wa chuma, mwembamba kuliko sindano ya kushonea. Kope ina tundu dogo pale pembeni. Nenda ukalitafute kwenye kioo, utaliona, lako halijaziba. Chuma kikaingia humo. Hakikuniuma sana, kilinisukuma. Kikashuka, kikasimama, kikasukuma, na ndani ya kichwa changu nikasikia kitu kidogo kikiachia, kama uzi wa kifungo unapokatika. Mama alisikia mwili wangu ukiruka, akanibana masikio mpaka nikasikia bahari.

"Sasa mayi," alisema Donati.

Bomba la sindano, ncha butu, tone baridi kwenye pembe ya jicho. Nikangoja. Kisha, nyuma ya pua, ikateremka polepole, ikafika kooni.

Chumvi.

"Unasikia nini?" aliuliza Donati, ameinama juu yangu, miwani ikining'inia. "Mutoto, unasikia nini mu koo?"

Nilifunga kinywa. Nilikibana kwa meno.

"Unasikia chumvi? Sema! Kama unasikia chumvi njo muzuri!"

Muzuri kwa nani? Mganga mzungu naye alikuwa amenikodolea macho, bomba mkononi, akingoja. Walikuwa wanangoja sauti. Nikainua jicho, nikamwona mama kwa kichwa chini miguu juu, uso wake karibu sana na wangu, midomo imekauka. Naye alikuwa anangoja. Hakuwa anapumua.

"Ilunga," alisema. "Sema kitu. Sema kitu chochote."

Nikamwona jinsi atakavyonitazama nikisema hoo. Nikafikiri nisiseme milele. Lakini alikuwa ameniita, na hakuna mtoto anayeweza kuitwa vile akanyamaza. Nikafungua kinywa.

"Mama," nikasema.

Ilitoka mama. Nikajaribu tena, ikatoka mama. "Nasikia chumvi, mama! Nasikia chumvi!"

"Voilà!" Donati alipiga makofi, mganga mzungu akacheka na kunipiga kofi la upole kichwani, na mama akaniachia masikio, akajiegemeza ukutani, akalia na macho yote mawili bila kujifuta.

Donati alitueleza wakati akinifungua shuka. Machozi huzaliwa juu ya jicho, huliosha, kisha huingia kwenye vile vitundu, hupita kifukoni, hushuka mferejini mpaka puani. Ndiyo maana mtu akilia hupenga kamasi. Watoto wengi huzaliwa na ngozi nyembamba imeziba mwisho wa mfereji. Kwa wengi hufunguka yenyewe kabla hawajaanza kutembea vizuri, na mama akioneshwa anaweza kusaidia kwa kusugua pale kwenye pembe kuelekea chini, kwa kidole safi. Yangu haikufunguka. Maji yakalala kifukoni, yakaoza, na vidole vichafu vikamaliza kazi.

"Na moshi?" aliuliza mama.

"Moshi ingekuwa macho mbili, mama."

Mama alikuwa akiufuta mgongo wake kwa mkono, pale ambapo zamani niliegemeza shavu.

Tulirudi kwa njia ile ile. "Baba Sefu, tumerudi! Wote wawili!" Bombani: "Tumerudi!" Mama Ngoie: "Tumerudi, mama, tumerudi!" Sando alikuwa amekaa mlangoni kwetu, na aliponiona alisimama akarudi nyuma hatua moja, akauliza kwa sauti ndogo, "Ilunga? Weye njo?" Nilimkaribia polepole, nikamwambia sikioni: hoo. Alikimbia mpaka kwao na hakutoka siku ile.

Nilicheka hilo miaka mingi. Ni juzi tu, nimekaa darasani nisisikilize hesabu, nilipoelewa yale makelele ya mama barabarani. Aliamini. Yule mwanamke aliyenivuta kwa kifundo cha mkono mpaka chumba cheupe aliamini habari za mutumbula kama mimi, labda kuliko mimi, kwani alizisikia akiwa mkubwa. Hakuwa anatangaza. Alikuwa anaweka mashahidi njiani, mmoja hapa, mmoja pale, ili tusiporudi, pawe na mtu wa kumwambia baba tulionekana mara ya mwisho wapi. Kisha akaingia hata hivyo, akakaa sakafuni. Na alipoomba niseme kitu chochote, hakuwa anauliza habari za mfereji.

Muongo hakulia tena. Mama aliendelea kunyoosha mkono kila alipopita karibu nami, bila kutazama, afute chozi la kushoto. Akalikuta shavu kavu, akasimama kidogo, akaenda. Jioni ile ya kwanza tuliporudi, hata hivyo, alinikalisha mlangoni kwenye mwanga uliobaki. Nikamwambia yote: kinu, nyuki asiyekuwapo, mapera, mkono wa Baba Kisimba. Nikaapa kwamba huo ndio ukweli wote, na kwamba sitadanganya tena maisha yangu yote. Alinishika kidevu. Aligeuza jicho la kuume, akaliangalia. Akageuza la kushoto, akaliangalia vile vile, kwa muda ule ule. Kisha akasema:

"Macho yako yote mbili sasa inasema kweli. Kumebakia tu kinywa."